Hesabu, kompyuta na mfuko wako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Jumamosi saa nne asubuhi nakaa na watu kumi, kumi na wawili hivi, kwenye chumba cha kuazima hapa Sinza, Dar es Salaam. Wanakuja wenye maduka, mafundi, wahasibu wawili watatu, na vijana wa chuo wanaotaka kuona hesabu ikigusa unga na mbao. Maswali yanajirudia, na mimi nimechoka kuyajibu nikiwa nimesimama. Nimeyaandika yalivyoulizwa, pamoja na yale ya utani.

Mwalimu, hesabu inahusikaje na uchumi? Uchumi si mambo ya wakubwa?

Hesabu inaingia pale kitu kisipotosha. Hela haitoshi, mbao hazitoshi, saa hazitoshi. Kitu kisipotosha lazima uamue nani apate na nani akose, na hapo unajiuliza mambo matatu: unataka nini, unaweza kubadilisha nini, na nini kinakubana. Ukiyaandika hayo kwa namba umeshapata tatizo la hisabati, upende usipende.

Aliyelionyesha hilo mapema ni Leonid Kantorovich, mwanahisabati wa Leningrad. Wenye viwanda vya plaiwudi walimpelekea swali la kawaida kabisa: tuna mashine hizi na aina hizi za magogo, tugawe vipi kazi ili tutoe mali nyingi zaidi? Mwaka 1939, akiwa na miaka 27, akachapisha kijitabu chenye njia ya kujibu maswali ya namna hiyo yote. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig akatoa njia yake ya kuyakokotoa hatua kwa hatua, ambayo kompyuta zinaitumia mpaka leo. Kantorovich alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1975, pamoja na Tjalling Koopmans.

Wengi wenu mmeshakutana na kitu hiki bila kuambiwa kina kazi gani. Ni upangaji mstari (linear programming), ile mada ya kidato cha nne ya kuchora mistari kwenye karatasi ya grafu na kutia kivuli, ambayo darasa letu liliifikia mtihani ukiwa mlangoni.

Achana na Leningrad. Nipe mfano wa hapa mjini.

Twende Keko, kwa fundi samani. Ana mafundi wanne, kila mmoja anafanya kazi siku sita, kwa hiyo wiki ina siku 24 za kazi. Mtaji wake unampa vipande 120 vya mbao kwa wiki. Kitanda kinakula vipande 10 na siku 3 za fundi. Kikiuzwa kinaacha faida ya shilingi 80,000 baada ya kutoa mbao, gundi, msasa, vanishi na ujira. Meza inakula vipande 6 na siku 1, inaacha 40,000.

Akili ya haraka inasema piga vitanda, ndivyo vyenye hela. Vitanda vitupu vinaishia 8, siku za mafundi zimekwisha, faida 640,000, na vipande 40 vya mbao vimeegemea ukuta. Meza tupu zinafika 20, mbao zimekwisha, faida 800,000. Mchanganyiko bora ni vitanda 3 na meza 15: mbao zote zimetumika, siku zote zimetumika, faida 840,000.

Hesabu hii inatoa na kitu kingine ambacho mimi nakithamini kuliko hiyo 840,000. Inakwambia kila kikwazo kina thamani gani. Kipande kimoja zaidi cha mbao, kwa bei ile ile ya kawaida, kingemwongezea faida ya 5,000. Siku moja zaidi ya fundi ingemwongezea 10,000. Kwa hiyo fundi akiomba nyongeza ya 7,000 juu ya ujira wake ili aje Jumapili, mwambie aje. Akiomba 15,000, mwambie akapumzike na familia.

Nilipomsomea jibu langu, yule bwana alicheka mpaka akaweka randa chini. “Mwalimu, meza kumi na tano kila wiki nitamuuzia nani?”

Nilikuwa nimesahau wateja. Tukakaa upya, akasema wiki nzuri anauza meza 9. Tukaongeza mstari huo mmoja, jibu likawa vitanda 5 na meza 9, faida 760,000, mbao 16 zinabaki. Na tazama kilichotokea kwenye zile thamani: kipande cha ziada cha mbao kimeshuka kutoka 5,000 hadi sifuri, maana mbao hazimbani tena. Siku ya fundi imeruka kutoka 10,000 hadi karibu 26,700. Yule wa 15,000 niliyemwambia akapumzike, sasa aitwe haraka. Kompyuta isingeniambia hilo. Aliniambia mtu mwenye vumbi la mbao kichwani.

Mimi sina karakana. Napika na kuuza. Itanisaidia nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake ni refu.

Mama mmoja wa hapa hapa Sinza anauza chapati asubuhi. Moja inamgharimu 300, anauza 500. Ikilala, imepotea, wanaila watoto. Alikuwa anapika 110 kila siku, kwa sababu, alivyosema, “mteja akikukosa siku mbili anahamia kwa jirani.”

Nilimwomba jambo moja kwa siku 20. Kila siku aandike alizouza, na zikiisha, aweke mstari wa penseli kwa kila chapati iliyoulizwa ikakosekana. Mistari hiyo ndiyo siri ya kazi yote. Daftari la kawaida linaandika mauzo, na mauzo si mahitaji. Siku aliyouza 110 zikaisha saa mbili asubuhi, daftari linasema 110, lakini watu walitaka 140. Wale waliogeuka mikono mitupu hawamo mahali popote. Mtanisikia nikiwarudia watu hawa mpaka mwisho wa ukurasa.

Baada ya siku 20 tukapanga mahitaji kutoka dogo hadi kubwa: 60, 64, 70, 72, 75, 80, 82, 85, 90, 90, 95, 95, 100, 100, 105, 110, 115, 120, 126, 140. Wastani ni karibu 94. Watu wengi wangesimama hapo, wapike 94. Lakini kukosea juu na kukosea chini hakugharimu sawa. Chapati iliyokosekana inampotezea faida ya 200. Chapati iliyolala inampotezea 300. Kanuni ni kugawa hasara ya kukosa kwa jumla ya hasara zote mbili: 200 kwa 500, yaani 0.4. Basi nenda kwenye orodha, hesabu mpaka asilimia 40 ya siku, yaani siku ya nane. Imeandikwa 85. Pika 85.

Tukarudia siku zile zile 20 kwenye karatasi. Kwa chapati 110, faida 246,500. Kwa 94, faida 290,000. Kwa 85, faida 294,000. Kati ya 94 na 85 tofauti ni ndogo, sitawadanganya. Hela kubwa ilikuwa kwenye kuacha 110.

Chai ni kinyume chake. Kikombe kinamgharimu 100, anauza 300. Hasara ya kukosa ni 200, ya kubaki ni 100, uwiano karibu 0.67. Kwa chai apike kuzidi mahitaji ya ile siku ya katikati ya orodha. Meza moja, mama mmoja, na kila bidhaa ina jibu lake.

Alichonijibu kuhusu jirani bado sijakimaliza. Mteja anayehama kabisa anagharimu zaidi ya 200, na ukimhesabu, 85 inapanda. Tulipojaribu kuiweka hasara ya kukosa iwe 300, uwiano ukawa nusu, na jibu likaenda 90. Ndicho anachopika siku hizi.

Sasa akili mnemba iko wapi hapo? Hiyo si hesabu ya kawaida tu?

Ni ya kawaida, na kazi nyingi zinaishia hapo. Akili mnemba, wengine mnaiita akili bandia au akili unde, inaingia pale usipoweza kuandika kanuni kwa mkono. Kwa fundi wa Keko niliweza kusema kitanda kinakula vipande 10. Lakini nani ataniandikia kanuni ya mahitaji ya chapati siku ya mvua, tarehe 28, shule zimefungwa, na barabara ya Shekilango ina foleni? Hapo unaipa mashine mifano mingi ya siku zilizopita, kila siku na hali yake na mauzo yake, nayo inatafuta uhusiano yenyewe.

Ugonjwa wake mkubwa unaujua kila aliyewahi kusoma bweni: kukariri. Mwanafunzi anayekariri mitihani iliyopita anapata mia kwa mia kwenye mitihani iliyopita. Mletee swali jipya, anatoa macho. Mashine nayo ukiipa siku 20 na vigezo 15 itakariri kila siku kwa jina lake. Dawa ni ile ile ya mwalimu mkali: ficha sehemu ya data, usiionyeshe mashine kabisa, kisha ipime kwa hizo. Mtu akikuuzia mfumo wa kubashiri mauzo, muulize swali moja tu: ulipima kwa siku ambazo mfumo haujawahi kuziona? Akianza kuzunguka, weka hela mfukoni.

Programu za mikopo ya simu zinajuaje kwamba nitalipa?

Hazijui. Zinakadiria. Zinachukua ulichofanya na simu, kama unavyopokea na kutuma hela, unavyonunua vocha na ulivyolipa mikopo ya nyuma, kisha zinakupa alama: watu waliofanana na huyu, wangapi katika mia walilipa? Hesabu ya ndani mara nyingi si ya ajabu.

Tatizo liko kwa wale waliogeuka mikono mitupu. Mkopeshaji akimpa mtu asiyelipa, hasara inaandikwa, inaonekana, mtu anaulizwa. Akimnyima mtu ambaye angelipa, hakuna kinachoandikwa. Mashine inajifunza kutoka kwa waliopewa tu, kwa hiyo dada anayeuza mboga kwa hela taslimu, asiye na historia kwenye simu, anakataliwa leo, na kwa kuwa amekataliwa hatoi data, na kesho anakataliwa tena. Wakopeshaji makini hutenga fungu dogo wawape baadhi ya wale ambao alama inawakataa, ili wajifunze. Ni gharama, na wengi hawaitaki.

Kuna na wale ambao hesabu yao haihusiani na alama yoyote. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Kabla hujabonyeza “kubali”, angalia leseni.

Riba ya asilimia 10 si ndogo?

Inategemea inapigwaje. Unakopa milioni 1 kwa mwaka, riba asilimia 10 “ya moja kwa moja”, unarejesha 91,667 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla milioni 1.1, inaonekana haki. Lakini hukukaa na milioni 1 mwaka mzima. Ukifika mwezi wa sita umesharudisha karibu nusu, na riba bado inapigwa kana kwamba milioni yote iko kwako. Ukiihesabu kwa deni linalopungua, riba halisi ni karibu asilimia 18.

Kausha damu, ile mikopo ya muda mfupi yenye riba kali, ni habari nyingine. Ukikopa 50,000 ukalipa 60,000 baada ya siku 14, hiyo ni asilimia 20 kwa wiki mbili. Wiki mbili ziko 26 kwa mwaka. Deni hilo ukilizungusha bila kulipa, riba juu ya riba, mwisho wa mwaka 50,000 imekuwa zaidi ya milioni 5.7. Niliiandika ubaoni mara mbili kwa sababu mara ya kwanza dada mmoja alisema nimekosea desimali.

Wanasema mfumuko wa bei ni asilimia 3. Mbona mfuko wangu unasema vingine?

Wote wawili mnaweza kuwa sahihi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapima kapu la bidhaa, na kila kundi lina uzito kulingana na matumizi ya kaya kwa jumla. Chakula kwenye kapu hilo ni chini ya theluthi. Tuchukue namba za mfano: chakula kimepanda asilimia 8, vingine vyote asilimia 1. Kwa kapu ambalo chakula ni 28 kwa mia, mfumuko ni karibu asilimia 3. Kwa nyumba ya Tandale ambayo 60 kwa mia ya hela inaenda sokoni, ni asilimia 5.2. Wastani hauna nyumba wala mtaa.

Wastani huo una kazi yake kubwa, hata hivyo. Januari 2024 Benki Kuu ilianza kuongoza sera ya fedha kwa riba yake, ikaanzia asilimia 5.5, ikapandisha hadi 6 Aprili mwaka huo huo, na Julai 2025 ikashusha hadi 5.75. Maamuzi hayo yanategemea makadirio ya mfumuko wa miezi ijayo, maana riba ikibadilishwa leo athari yake inafika sokoni taratibu. Ni sawa na kuendesha lori lenye shehena: unakanyaga breki kwa kona ambayo bado hujaiona.

Kwa nini basi ukilisubiri halipo, likija yanakuja matatu?

Kwa sababu basi likichelewa kidogo linakuta abiria wengi zaidi kituoni, linachukua muda kuwapakia, linachelewa zaidi. La nyuma linakuta kituo kitupu, linalikimbilia la mbele. Mwisho yanaongozana kama bata.

Tazama madhara yake. Sema mabasi yanapita kwa wastani kila dakika 10. Yakipishana sawasawa, wewe unayefika wakati wowote utasubiri wastani wa dakika 5. Yakija kwa mafungu, nafasi ya dakika 2 kisha ya dakika 18, wastani wa nafasi bado ni 10, lakini wewe unasubiri dakika 8.2. Ni kwa sababu una uwezekano mkubwa wa kufika ndani ya ile nafasi ndefu. Mwenye mabasi anasema “kila dakika kumi” na hasemi uongo. Abiria anasema “tunakaa sana” na yeye hasemi uongo.

Hesabu ya foleni ilianzia kwenye simu. Mdenmaki Agner Krarup Erlang aliandika makala yake ya kwanza mwaka 1909 kwa ajili ya simu za Copenhagen. Kitu kimoja cha kubeba kutoka kwake na waliomfuata: foleni haipandi kwa mstari ulionyooka. Kwenye dirisha moja la kawaida, mhudumu akiwa na kazi asilimia 80 ya muda, wastani wa watu pale ni 4. Asilimia 90, watu 9. Asilimia 95, watu 19. Ndiyo maana mhudumu mmoja wa ziada saa ya msongamano anaweza kuonekana kama muujiza, na saa nane mchana asionekane kabisa.

Mkoa wetu ulihesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022. Mabasi yaendayo haraka yalianza mwaka 2016 na njia ya kwanza ya karibu kilomita 21, Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Kwa usafiri wowote, rekodi ya tiketi inakupa waliopanda. Aliyetazama foleni akaita bodaboda hayumo. Mkipanga ratiba kwa tiketi peke yake, mnapanga kwa ajili ya wavumilivu.

Ni kweli kompyuta inaweza kuona umaskini kutoka angani?

Kwa kiasi. Mwaka 2016 watafiti wa Stanford walichapisha kazi iliyohusu nchi tano, Tanzania ikiwemo, pamoja na Nigeria, Uganda, Malawi na Rwanda. Waliifundisha mashine kutazama picha za mchana za setilaiti na kutabiri mwanga wa usiku, halafu wakatumia ilichojifunza (mapaa, barabara, mashamba) kukadiria hali ya maisha ya eneo, na kulinganisha na tafiti za kaya. Ilieleza hadi robo tatu ya tofauti kati ya maeneo.

Inafaa pale ambapo hakuna mtu aliyepita na dodoso kwa miaka. Lakini inaona eneo, haimwoni mtu. Manzese kuna nyumba yenye bati jipya ambamo mpangaji wa chumba cha nyuma hajala tangu jana. Ndiyo maana kwenye kuchagua kaya za kusaidiwa, kama inavyofanyika TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, mkutano wa mtaa bado uko pale pamoja na dodoso.

Naweza kuitumia kubashiri mikeka?

Hapana. Mechi 10, kila moja una uhakika wa asilimia 70, ambao huna. Zote kutiki kwa pamoja ni asilimia 2.8. Mkeka utachanika. Forex jibu ni hilo hilo, ila unachanika kwa dola.

Kuna kanuni ya kutafuta chumba?

Ipo, na ni tamu. Kama utaona vyumba 20 kimoja kimoja, na ukikiacha kimekwenda, basi vile 7 vya kwanza angalia tu usichukue, kisha chukua cha kwanza kitakachovizidi vyote hivyo. Kanuni hii inasema sehemu ya kutazama tu iwe karibu asilimia 37. Inakupa nafasi nzuri kuliko mkakati mwingine wowote ya kupata kilicho bora kuliko vyote.

Aliyeibuni hakuwahi kuzungushwa na dalali anayetaka hela kwa kila chumba unachoonyeshwa. Weka gharama hiyo na utajikuta unasimama mapema zaidi. Pia wengi wetu hatutafuti kilicho bora kuliko vyote. Tunatafuta chenye maji na kisichojaa mvua za Aprili.

Kwa nini nisiiulize tu ChatGPT?

Iulize. Mimi naitumia kuandika programu fupi, kunifafanulia kosa, kunikumbusha kanuni. Kuikabidhi kujumlisha bila kukagua ni hatari, kwa kuwa mifumo hii hutabiri maneno yanayofuatana na inaweza kukupa namba mbovu kwa sauti ya uhakika kabisa. Na haijui unga Tandale umeamkaje leo. Wewe ndiye unajua.

Mashine kubwa za wenye hela nazo hukosea?

Sana. Kampuni ya Zillow ya Marekani ilikuwa na mfumo wa kukadiria bei za nyumba, ikaanza kununua nyumba kwa makadirio hayo ili iziuze. Novemba 2021 ilitangaza kuifunga biashara hiyo na kupunguza takriban robo ya wafanyakazi. Bei zilikuwa zinayumba, ni kweli, lakini jiulize jambo jingine: ukitoa bei kwa nyumba elfu, nani anakimbilia kukubali? Yule ambaye mashine imemzidishia, anayejua bomba la jikoni linavuja. Uliyempunja anakataa kimya kimya. Hata makosa yako yakilingana juu na chini, unaishia kununua ya juu.

Mfano wa zamani zaidi unachekesha. Mwaka 1945 mwanauchumi George Stigler alitafuta chakula cha bei rahisi kabisa chenye virutubisho vya lazima alivyoviorodhesha, kutoka vyakula 77. Akapata dola 39.93 kwa mwaka, kwa bei za 1939. Mwaka 1947 tatizo hilo lilitumika kujaribu njia ya Dantzig: makarani tisa na mashine za mkono, siku 120 za kazi, wakapata dola 39.69. Senti 24 pungufu! Mlo wenyewe wa Stigler ulikuwa unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, spinachi na maharage makavu, mwaka mzima. Niliusoma darasani na mama wa chapati akauliza, “Na chumvi?” Haikuwemo kwenye vikwazo.

Taarifa zangu zinalindwa?

Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake. Miongoni mwa mengine, inakuruhusu kumwandikia mwenye mfumo na kumtaka uamuzi unaokugusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Ukinyimwa kitu na kompyuta, andika barua. Sijakutana na wengi walioandika.

Nahitaji hesabu kiasi gani kuanza?

Kujumlisha, kugawa, asilimia, na uvumilivu wa kuandika kila siku. Kwa kompyuta, jedwali la Excel linatosha kwa mwaka wako wa kwanza. Hata tatizo la Keko linatatuliwa humo, kuna kitufe chake. Ukitaka kwenda mbali, jifunze Python au R, zote ni bure, kisha aljebra ya matriksi na nadharia ya uwezekano. Wanaotaka shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya hisabati Mlimani, na ndaki ya teknolojia ya habari iko Kijitonyama, kituo kimoja tu kutoka tunapokaa sisi.

Jumamosi nije na nini?

Daftari la mauzo la siku 20, kalamu, na penseli kwa ajili ya wale mnaowakosa. Mwenye kompyuta aje nayo, asiye nayo akae na mwenye nayo. Chai ipo, na siku hizi haiishi mapema.